Mwogeleaji wa masafa marefu Pate hana budi kuijua saa ya maji

Aliyekulia katika kisiwa cha Pate, Lamu, huenda alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Hata hivyo, kujirusha majini gatini na kurejea ni jambo moja. Kuogelea kilomita 3 au 5 bila kupumzika, mtu akiwa na umri wa miaka 40 na shughuli zake za kutwa, ni jambo jingine. Wengi hudhani kwamba kinachotakiwa ni nguvu za mikono tu. Kumbe kinachotangulia ni kuyajua maji.

Vyombo viendavyo mji wa Pate hungoja maji yajae, na ndiyo sababu abiria wengi hushukia Mtangawanda. Mwogeleaji naye hana budi kungoja. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na mkondo huwa na kasi zaidi katika saa ya tatu na ya nne, hasa kwenye milango ya bahari na vijito vya mikoko. Mwogeleaji wa kawaida huenda kilomita 2 hadi 3 kwa saa. Akikabiliwa na mkondo wa kasi hiyo, atapiga mbizi na makasia ya mikono asisogee hata hatua.

Kwa hiyo, mazoezi marefu yafaa yapangwe siku za maji mafu, baada ya mwezi kufikia nusu, wala si siku za bamvua zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Miezi ya kusi kali, Mei hadi Septemba, ni ya kujihadhari zaidi.

Anayeanza aogelee mara tatu kwa wiki, sambamba na ufuo, mahali anapoweza kusimama. Mita 500 zatosha mwanzoni. Kila wiki aongeze kidogo, kama sehemu moja ya kumi, na siku moja aitenge kwa safari ndefu kuliko nyingine. Ajizoeze kuvuta pumzi pande zote mbili, na kila baada ya mikono kumi ainue macho kutazama alama ya nchi kavu, kama vile mnara wa msikiti au mnazi mrefu, asije akapotea njia.

Joto nalo ni adui asiyeonekana. Mwogeleaji hutoka jasho hata akiwa majini. Mnamo Oktoba 2010, Mmarekani Fran Crippen, mwogeleaji wa kimataifa, alifariki katika mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, maji yakiwa na joto jingi. Baadaye kanuni za kimataifa ziliweka kikomo cha nyuzi 31 za Selsiasi. Msiba huo wafunza mambo mawili: kuanza alfajiri na kunywa maji kila nusu saa safari inapozidi saa moja, na kutoogelea kamwe bila jicho la mwingine.

Jicho hilo ni la mwenzi aliye katika mtumbwi, akiwa na maji ya kunywa na kamba, asiyemwacha mwogeleaji kwa zaidi ya mita chache. Kofia ya rangi kali humsaidia kumwona mawimbini.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mwogeleaji mwenye busara huuliza kwanza mkondo unaelekea wapi, na jibu lisipomridhisha, hurudi nyumbani akangoja kesho.