Sensa iliyonuka kodi

Mwaka 2022 karani wa sensa alipobisha hodi na kishikwambi chake, wengi wetu tulimpa kiti. Miaka 101 kabla yake, aliyekuja kuuliza mko wangapi alikuwa jumbe, na jumbe huyohuyo ndiye aliyesimamia kodi kijijini. Nani angemtajia vijana wake wote?

Tanganyika ya 1921 ilikuwa bado ngeni hata kwa jina. Waingereza walikuwa wameitwaa kwa Wajerumani vitani, wakaipa jina hilo mwaka 1920, na sasa walipaswa kulieleza Shirikisho la Mataifa kule Geneva namna wanavyoitawala. Utaelezaje nchi usiyojua ina watu wangapi? Basi wakahesabu. Kwa Waafrika, hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba na daftari. Maofisa wa wilaya walikusanya waliyoambiwa na wakubwa wa vijiji. Jumla ikatoka milioni 4 na ushei.

Shaka yangu inaanzia hapo. Makadirio ya Wajerumani ya 1913, ukiondoa Rwanda na Urundi, nayo yalikuwa milioni 4 na ushei. Katikati palipita vita vilivyosomba wapagazi vijijini, homa kuu ya 1918, na njaa ya Ugogo ambayo Wagogo wenyewe waliiita Mtunya. Watu wamezikwa, namba haikutikisika! Hesabu moja ilikosea. Mimi nadhani zote mbili.

Wala watu hawakuanza kujificha kwa Mwingereza. Mjerumani alipoleta kodi ya nyumba mwaka 1897, walijibana, familia kadhaa chini ya paa moja. Mwingereza naye akaendelea kutoza nyumba, hata mume wa wake watatu wenye nyumba tatu akalipa mara tatu. Mume wa namna hiyo, akiulizwa ana wake wangapi, hukumbuka mmoja tu. Ongeza na mwiko ulioko katika jamii nyingi: watoto hawahesabiwi, wasije wakapungua.

Hesabu ya 1931 ilitoa kama milioni 5. Mwaka 1948 wakaja makarani wa sensa, na baada yao sampuli ya kuuliza kwa undani zaidi. Waafrika wakafika karibu milioni 7 na nusu. Wengi wa walioongezeka ni watoto waliozaliwa katika miaka hiyo 17. Wengine, nashuku, walikuwapo siku zote, nyuma ya nyumba, wakisubiri jumbe aondoke.