Mwenye Msiba Akishika Njia



Umepata kuitazama nyumba siku ile matanga yanapokwisha? Mikeka inakunjwa, masufuria ya kuazima yanarudishwa kwa wenyewe, wageni waliotoka mbali wanaaga mmoja mmoja, na jioni ile nyumba inakuwa kimya. Siku za kwanza mfiwa alizungukwa na watu hata akakosa mahali pa kuketi. Sasa ameketi mlangoni peke yake. Wengine hulia. Wengine hushika jembe wakalima mpaka giza liingie. Na wengine huvaa viatu wakashika njia, wala hawajui hasa wanakwenda wapi.

Juu ya hao wa mwisho vimeandikwa vitabu vingi, na sinema nyingi zimepigwa. Leo nimechagua hadithi nne tu nikusimulie: moja inapita katika nchi zetu, na tatu ni za ng'ambo. Ikiwa hujazisoma wala kuzitazama, si kitu. Kaa, tusikilizane, halafu tuulizane swali moja: Mtu aliyefiwa anatafuta nini njiani? Maana marehemu hayuko njiani. Tumemwacha kaburini, na mfiwa anajua hivyo kuliko sisi sote.

MOYO CHITAMBO, MWILI BAGAMOYO

Aliyefika Bagamoyo ameuona mnara wa kanisa la zamani la misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwezi wa Februari 1874 uliletwa pale mwili wa David Livingstone, yule Mskoti mhubiri na msafiri. Alikuwa amefariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, akina Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaanza kuubeba kwenda pwani. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600, nao uliwachukua karibu miezi tisa. Wenzao kadhaa walikufa njiani.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza mmoja jina lake Cameron aliwashauri wamzike papo hapo, waondokane na taabu. Wakakataa. Mbele kidogo walisikia kwamba wenyeji wa njiani hawataki maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga furushi la uongo, wakalirudisha nyuma kana kwamba ndiyo maiti, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo, wakaendelea mbele.

Mwaka 2019 Bibi Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, aliitoa safari hiyo katika riwaya ya Kiingereza iitwayo Out of Darkness, Shining Light. Hakumpa Livingstone nafasi ya kusimulia. Aliwapa wabebaji wake: Halima, mpishi, mwenye ulimi mkali na macho yanayoona kila kitu kambini, na Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India, ambaye elimu yake imempandisha kichwa kidogo. Wote wawili walikuwako kweli katika msafara ule. Katika riwaya watu hawa si malaika. Wanagombana, wanaoneana wivu, wanasengenyana. Lakini mzigo wao ni mmoja, na kila kukicha sharti uinuliwe.

Shika neno hilo, msomaji. Mwenye huzuni hajui la kufanya na mikono yake. Hawa walikuwa nalo la kufanya, tena walilifanya pamoja.

Walipofika pwani walilipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Mwili ulizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Katika wote walioubeba, aliyekuwako siku ile ni Jacob peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Wewe uliyemwuguza mgonjwa miaka mingi, kisha siku ya maziko ukasukumwa nyuma na jamaa waliokuja kwa motokaa, uchungu huo huhitaji kuelezwa.

MAITI YA MAMA NA MENO YA BABA

Lakini tusidhani kwamba kila anayesafiri na maiti ana moyo safi. William Faulkner, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1949, alitoa mwaka 1930 riwaya iitwayo As I Lay Dying. Yahusu jamaa maskini wa mashambani huko Mississippi. Mama wa nyumba, Addie, yu mahututi. Nje ya dirisha lake mwanawe mkubwa, Cash, aliye seremala, anamtengenezea jeneza, na mgonjwa anaisikia misumeno kwa masikio yake. Ameomba akifa azikwe mjini Jefferson walikozikwa watu wake. Mumewe, Anse, ameahidi.

Basi wanalipakia jeneza katika gari la kukokotwa na nyumbu, wanaondoka na watoto wao watano. Mvua imevunja madaraja. Mtoni gari linapinduka, nyumbu wanakufa maji, Cash anavunjika mguu. Jua ni kali, siku zinapita, maiti inaharibika, tai wanazunguka juu, na watu wa njiani wanaziba pua. Mwana mmoja anatia moto banda walimolaza jeneza, apate kuumaliza msiba ule. Mwishowe anapelekwa nyumba ya vichaa.

Hata hivyo wanafika, na mama anazikwa kama alivyoomba. Je, Anse ni mume mwaminifu? Ngoja kwanza. Anse hana meno, na tangu mwanzo wa safari amekuwa akiyawaza meno ya kununua mjini. Anachukua fedha za binti yake kwa nguvu. Majembe ya kuchimbia kaburi anaazima kwa mama mmoja wa mji ule. Kesho yake anawarudia watoto wake, ana meno mapya kinywani, na yule mama yu pembeni yake: ndiye mke mpya.

Utacheka, halafu utanyamaza. Maana sisi nasi twajua misiba ambayo gari la maiti ni la fahari, safari ni ndefu, michango ni mikubwa, na ndani ya magari watu wanawaza shamba la marehemu litakuwa la nani. Urefu wa njia si kipimo cha upendo. Waweza kumbeba marehemu kwa siku tisa usimlilie hata saa moja.

BABA NA SHANTA LA MWANAWE

Hadithi ya tatu ni sinema, jina lake The Way, ya mwaka 2010. Iliandikwa na kuongozwa na Emilio Estevez, na mchezaji mkuu ni baba yake mzazi, Martin Sheen. Baba huyo anaigiza Tom, daktari wa macho wa California, mjane mwenye mwana mmoja tu, Daniel. Daniel aliacha masomo ya juu aende kuuona ulimwengu. Baba hakupenda, wakaagana kwa baridi. Kisha simu inakuja: Daniel amekufa katika dhoruba milimani, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, siku ya kwanza ya hija.

Hija hiyo ni ya kweli, nayo ni ya kale. Tangu miaka zaidi ya elfu moja Wakristo huenda kwa miguu mpaka Santiago de Compostela, Hispania, penye kaburi linaloheshimiwa kuwa la Mtume Yakobo. Njia aliyoishika Daniel ina kilomita zipatazo 800. Baba anakuja kuichukua maiti airudi nayo nyumbani. Badala yake anaichoma, anayatia majivu katika sanduku dogo, anajitwika shanta la mwanawe, na kuimaliza safari ambayo mwanawe aliianza. Yeye si mtu wa dini sana, wala hakufanya mazoezi ya kutembea. Anajua jambo moja tu: mwanangu alitaka kufika.

Anataka kwenda peke yake. Njia inamkatalia. Anamshika Mholanzi mnene mwenye maneno mengi, anayetaka kupunguza tumbo. Anakuja mama wa Kanada, anayesema anataka kuacha sigara, kumbe ana jeraha lake la siri. Anakuja mwandishi wa Ireland ambaye kalamu imemkaukia. Tom anawakasirikia, analewa, anawatukana mbele ya watu, anatiwa ndani. Nao hawamwachi, wanamtoa, wanaendelea naye. Polepole aliyekuwa akilificha sanduku lake analiweka mahali wenzake wanapoliona. Huko Santiago, anapopewa hati ya kwamba amehiji, anaomba iandikwe jina la Daniel. Wanasimama wote kanisani wakitazama chetezo kikubwa, kinachovutwa kwa kamba na wanaume wanane, kikipita juu ya vichwa vyao.

Mwishoni baba anayamwaga majivu baharini. Hapo yafaa msomaji Mkatoliki akumbuke: Kanisa linapendelea kuzika mwili, ingawa tangu 1963 halikatazi kuchoma maiti, lakini mwaka 2016 lilieleza wazi kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Kwa jambo hilo tusimwige Tom. Tumwige kwa lile alilojifunza njiani, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi ukiutazama kwa mbali, na ukiutia mkono ndipo uzito unapogawanyika.

CHUMBA CHA PILI

Hadithi ya nne ndiyo iliyonigusa kupita zote. Mwaka 2012 Bibi Rachel Joyce wa Uingereza alitoa riwaya The Unlikely Pilgrimage of Harold Fry, nayo ikafanywa sinema mwaka 2023. Alianza kuiandika kama mchezo wa redio wakati baba yake mzazi alipokuwa akifa kwa kansa.

Harold ni mzee wa miaka 65, mstaafu wa kiwanda cha bia, akaaye Kingsbridge, kusini kabisa mwa Uingereza. Yeye na mkewe Maureen wanalala vyumba mbalimbali, na mazungumzo yao ni ya chai na mkate tu. Asubuhi moja inakuja barua. Queenie, mama aliyefanya naye kazi zamani, anakufa kwa kansa katika nyumba ya masista ya kutunzia wagonjwa huko Berwick, kaskazini kabisa. Harold anaandika jibu fupi, anakwenda kulitia posta. Analipita sanduku la kwanza la barua, analipita la pili, anaendelea. Anapiga simu: mwambieni Queenie ningojee, nakuja kwa miguu, nikiwa natembea, naye asife. Amevaa viatu vyepesi tu, wala simu yake ya mkononi hakuichukua.

Alitembea siku 87, karibu kilomita elfu moja. Magazeti yakamwandika. Watu wakamfuata kwa makundi, wakajiita mahujaji wenzake, kisha wakamwacha. Naye kadiri alivyotembea, ndivyo mambo ya zamani yalivyomrudia, mpaka lile asilothubutu kulitazama. Harold na Maureen walikuwa na mtoto mmoja, David. Katika kitabu mama anasema na David kila mara, hata msomaji anadhani kijana anakaa mahali fulani. Kumbe David alijiua miaka 20 nyuma. Mama alimlaumu baba, baba akajilaumu mwenyewe, wakanyamaza. Na Queenie? Siku zile za msiba Harold alilewa akavunja vitu vya mkubwa wake wa kazi. Queenie akajitwika kosa lile, akafukuzwa kazi, na Harold hakumshukuru kamwe.

Anafika. Queenie hawezi kusema, ugonjwa umekwisha kumharibu uso. Harold anaketi naye kidogo. Baadaye kidogo anakufa. Basi mtu aweza kuuliza, kilomita elfu moja zote zile za nini, ikiwa mgonjwa hakupona? Lakini Maureen amekuja kumfuata mumewe. Wazee wale wawili wanasimama kando ya bahari, wanalitaja jina la mtoto wao, wanakumbuka siku ya kwanza walipokutana, na wanacheka mpaka machozi.

WANATAFUTA NINI?

Sasa turudie swali letu. Mfiwa hatafuti marehemu njiani. Halima na wenzake walijua waliyembeba amekufa. Tom alijua kilichomo sandukuni. Naona wanatafuta mambo mawili. La kwanza, kazi ya kumtendea marehemu, maana upendo haukomi siku ya mazishi, na mikono inauliza: nifanye nini sasa? La pili, mtu wa kumtajia jina lake. Anse alikuwa na la kwanza bila la pili. Ndiyo maana aliporudi nyumbani alikuwa na meno mapya, na moyo ule ule.

Mambo hayo mawili yanapatikana kijijini bila kwenda Hispania. Kufa kufaana, wanasema wazee, nasi twajitahidi sana wiki ya kwanza. Nakuomba uiangalie wiki ya sita. Nenda kwa yule uliyemwona ameketi mlangoni. Usimwambie amekwisha kulia kutosha. Mwambie, "Twende wote sokoni," au, "Twende tukapalilie kaburi." Na mkiwa njiani ukitaja jina la marehemu, usiogope kwamba utamkumbusha. Hakusahau hata siku moja.

Nanyi baba na mama mliomzika mtoto, ambao tangu siku ile jina lake halitajwi mezani, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake, nawaombeni mkumbuke mzee Harold. Alikwenda kilomita elfu moja kumtafuta mama wa watu, na mtu aliyekuwa na msiba ule ule, aliyezaa naye mtoto yule yule, alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao.

Kutoka chumba hiki mpaka kile, nyumbani kwako, ni hatua ngapi?