Kwa Nini Vivinjari Havisikii Amri kwa Namna Moja

Mhariri amenitaka niandike maneno machache kwa ajili ya wanafunzi wa klabu ya kompyuta wanaojifunza kutengeneza kurasa za intaneti, na pia kwa wazee wa shule ambao kila tukionana huniuliza, "Mbona ukurasa huu katika simu yangu umevurugika, na katika simu ya mwanangu umenyooka?" Kutengeneza kurasa ndiyo kazi yangu hapa Kampala, basi swali hilo nalijua sana. Sitaeleza sababu zote, maana ni nyingi. Nitashika moja ambayo watu wengi hawaijui, hata baadhi ya mafundi.

Kila ukurasa wa intaneti una mambo mawili. Kuna maneno na picha zenyewe, ambazo huandikwa kwa HTML, na kuna mapambo, yaani rangi, ukubwa wa herufi, mahali pa kila kitu, ambayo huandikwa kwa CSS. Aliyependekeza CSS ni Mnorwe, Håkon Wium Lie, mwezi wa Oktoba 1994, alipokuwa akifanya kazi CERN huko Uswisi. Baadaye Bert Bos, Mholanzi, akashirikiana naye, na toleo la kwanza likapitishwa na baraza la W3C mwezi wa Desemba 1996. Kila amri ya CSS ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yasema ni nani anayeamriwa, na ya pili yasema afanyweje. Ile ya kwanza huitwa kiteuzi, nayo ndiyo habari yetu.

Fikirini tangazo la mwalimu mkuu. Ameandika karatasi moja, na viranja wa mabweni wanaisoma, kila mmoja bwenini mwake: "Wote wa kidato cha tatu wafagie uwanja." Maneno "wote wa kidato cha tatu" ni kiteuzi. Sasa mwalimu mkuu akiandika, "Kila mwanafunzi aketiye mara tu baada ya kiranja wa meza alete sahani," kiranja mmoja ataelewa, na mwingine atakuna kichwa. Karatasi ni ile ile, lakini katika bweni moja sahani zitaletwa na katika jingine hazitaletwa. Vivinjari ndio viranja wetu. Majina yao ni mengi, lakini wanaosoma kwa akili yao wenyewe leo ni watatu hasa: Chrome, Firefox na Safari. Edge alikuwa na akili yake mpaka Januari 2020, kisha akachukua ya Chrome.

Ndani ya ukurasa vitu vyote vimekaa kama ukoo. Juu kabisa yuko html, naye ndiye babu wa wote, hana baba. Chini yake wako watoto, wajukuu na vitukuu. Kwa hiyo viteuzi vingi ni maneno ya ukoo. Ukiandika

.habari .picha

umesema "picha yeyote wa ukoo wa habari," awe mtoto au kitukuu. Lakini ukitia alama hii:

.habari > .picha

umesema "picha aliye mtoto wa habari mwenyewe," na wajukuu hawamo. Tofauti ni alama moja tu, nayo iliwekwa katika toleo la pili la CSS, mwaka 1998.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa Internet Explorer 6, na kwa miaka mingi kivinjari hicho kilitumiwa na watu kuliko vingine vyote duniani. Nacho alama ile ya mtoto hakikuijua. Hakikujua pia alama ya kujumlisha, ambayo maana yake ni "ndugu anayefuata mara moja." Watu walingoja mpaka Internet Explorer 7 ilipotoka mwaka 2006 ndipo wakaweza kuzitumia. Miaka minane, kwa alama ambazo zilikwisha kuandikwa kitabuni!

Lakini asiyejua neno akanyamaza ana nafuu kuliko asiyejua akajifanya anajua. Ukimwambia Internet Explorer 6, "Aliye .mkubwa na tena .mgeni," yaani mwenye sifa zote mbili, yeye alishika ile ya mwisho peke yake, akawaamrisha wageni wote, wakubwa kwa wadogo. Na kulikuwa na kichekesho kimoja ambacho mafundi wa zamani hawakisahau. Nimesema html hana baba. Basi amri inayosema "html aliye ndani ya mwingine yeyote," yaani

* html

haipaswi kumpata mtu. Internet Explorer 6 alimpata! Alikuwa kama anaamini kwamba juu ya babu yuko mzee mwingine asiyeonekana. Mafundi wakaligeuza kosa hilo kuwa wito wa siri: amri waliyotaka isikiwe na kivinjari hicho peke yake waliianza kwa maneno hayo, na wengine wote wakaipita. Internet Explorer 7 ilipotoka, kosa lilikuwa limesahihishwa, na wito ule haukuitikiwa tena. Kurasa zilizoutegemea zikabaki bila marekebisho yake. Kivinjari chenyewe, Internet Explorer, kilistaafishwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022.

Sasa sikilizeni sana kanuni hii. Kivinjari kikikutana na kiteuzi kisichokielewa, hupita amri yote. Hakitoi kelele wala hakimwambii msomaji. Huruka tu, kikaendelea na amri inayofuata. Wanafunzi wakisikia hivyo husema ni upumbavu, lakini sivyo, imekusudiwa. Walioandika CSS walijua kwamba maneno mapya yatazidi kuja, na kwamba vivinjari vya zamani vitaendelea kuwamo mikononi mwa watu. Kama kila neno geni lingesimamisha ukurasa, hakuna fundi ambaye angethubutu kutumia neno jipya mpaka kivinjari cha mwisho cha zamani kiishe duniani, na hakiishi.

Kanuni hiyo ina mkia, na mkia ndio unaouma. Mtu aweza kuandika viteuzi vingi katika amri moja, akivitenga kwa mkato:

.tangazo, .onyo, .habari:has(.picha)

Wawili wa kwanza wanajulikana tangu siku za kwanza za CSS. Wa tatu ni mgeni. Je, kivinjari cha zamani kitawatii wawili na kumwacha mmoja? La. Kitawaacha wote watatu. Katika CSS 2.1 sababu yake imeandikwa wazi: leo mkato maana yake ni "pamoja na," lakini hakuna ajuaye kama siku za mbele hautapewa maana nyingine, basi penye kosa popote katika kiteuzi, amri nzima iachwe, hata kama sehemu iliyobaki yaonekana nzuri. Mimi naiona ni tahadhari ya haki, ila imewapoteza mafundi wengi usingizi. Mtu huongeza kiteuzi kimoja kipya mwishoni mwa orodha iliyofanya kazi miaka mitano, na katika simu za zamani orodha nzima hufa.

Huyo mgeni, :has, anastahili maneno yake mwenyewe, maana kwa watu wa kwetu ni rahisi sana kumwelewa. Viteuzi vya zamani vyote viliteremka: mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Lakini sisi majirani zetu hatuwaiti hivyo tu. Tunasema Mama Juma, Baba Asha. Mzazi tunamtambua kwa mtoto wake. Kwa zaidi ya miaka ishirini CSS haikuweza kusema "Mama Juma." Ungeweza kumpaka rangi Juma aliye ndani ya mama, lakini si mama kwa sababu ana Juma. Mafundi walililia jambo hilo miaka na miaka, na waliotengeneza vivinjari wakajibu kwamba litachelewesha kazi. Jibu lao lilikuwa na maana. Ukurasa huingia simuni kidogo kidogo, na mzazi hufika kabla ya watoto wake. Ikiwa rangi ya mzazi yategemea mtoto ambaye hajafika bado, kivinjari kitapaka, kisha kipake tena, na tena kila mtoto mpya akiingia. Ilibidi watafute hila za kupunguza kazi hiyo. Safari ndiyo iliyotangulia, Machi 2022. Chrome ikafuata Agosti mwaka ule ule. Firefox ilikuja mwisho, Desemba 2023. Angalieni nafasi iliyopo: miezi ishirini na mmoja kati ya wa kwanza na wa mwisho. Katika muda huo amri moja ilitiiwa hapa na kurukwa pale, na kila upande watu waliamini kwamba wanauona ukurasa jinsi ulivyo.

Mtu atasema, sasa ni vyote, shida imekwisha. Imekwisha kwa mwenye simu mpya. Katika iPhone kivinjari hupata akili mpya pale tu mfumo mzima wa simu unapopandishwa toleo, na iPhone 6 iliishia toleo la 12 la iOS. Tena kuiwekea simu hiyo Chrome hakusaidii, kwa kuwa Chrome ya humo yatumia akili ile ile ya Safari iliyomo. Kwa Android ni nafuu, maana Chrome husasishwa peke yake, lakini nako kuna mwisho: waliobaki na Android 5 waliachwa kwenye Chrome 95, na :has ilikuja katika Chrome 105. Simu hizi hazijatupwa. Huuzwa mara ya pili na ya tatu, au hupewa wazee na watoto wa shule.

Mwaka 2024 kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekwisha maliza kidato cha sita, alinijia na iPhone 6 ya babake. Alikuwa anaomba nafasi katika chuo kimoja, na fomu yote ilijazwa katika intaneti. "Mzee," akasema, "nimejaza kila kitu, lakini fomu hii haina mahali pa kutuma." Kweli haikuwa napo. Nikaufungua ukurasa ule katika kompyuta yangu, nikasoma faili lake la CSS, kwa maana faili hilo liko wazi kwa yeyote atakaye kulisoma. Aliyeitengeneza fomu alikuwa ameandika amri mbili. Ya kwanza ilisema kitufe cha kutuma kifichwe. Ya pili ilisema kwamba fomu ambayo haina sehemu yenye kasoro ndani yake, kitufe chake kionekane. Na hiyo ya pili iliandikwa kwa :has. Simu ya mzee yule iliielewa ya kwanza ikaitii, na ya pili ikairuka kimya. Kitufe kilifichwa kisifichuliwe kamwe. Kijana alidhani ni yeye aliyekosea kujaza, akawa amekwisha kuijaza upya mara nne.

Tuliituma kwa kompyuta yangu usiku ule. Nikawaandikia chuo barua pepe, nikawaeleza amri ipi igeuzwe na namna ya kuigeuza. Hawakunijibu, lakini juma la pili fomu ilikuwa imerekebishwa. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imekwisha pita.

Dawa yenyewe haikuwa kuliacha neno jipya. Ilikuwa ni kupanga amri kwa utaratibu mwingine. Kwanza kitufe kionekane kwa watu wote, kwa amri nyepesi ambayo kila kivinjari chaijua. Kisha, ukitaka urembo wa kukificha mpaka fomu ijae, amri ya kuficha na amri ya kufichua zote mbili uzitie ndani ya fungu linaloanza na swali. CSS inalo swali hilo, nalo huandikwa @supports selector, na mbele yake ndani ya mabano unaweka kiteuzi unachokiulizia, maana yake ni "ikiwa wakielewa kiteuzi hiki, soma yaliyomo humu." Firefox ilianza kulijua swali mwaka 2019, Chrome 2020, Safari 2021, yaani zote kabla ya :has yenyewe. Na kivinjari kisichojua hata kuulizwa huruka fungu zima, na kwetu sisi hilo ndilo tulitakalo: simu ya zamani itakiona kitufe muda wote, na simu mpya itauona urembo.

Kwa orodha za mkato, dawa iliyo rahisi ni kuandika kiteuzi kigeni katika amri yake peke yake, ingawa maneno yatarudiwa. Iko njia nyingine, nayo ni :is, ambayo tangu Januari 2021 yajulikana kwa vivinjari vyote vikubwa. Orodha iliyo ndani ya mabano yake husamehewa: asiyejulikana huachwa, na wenzake hubaki. Lakini kivinjari kisichoijua :is yenyewe kitaruka yote, kwa hiyo mwenye kuwafikiria watu wa simu kuukuu hana budi kuendelea kuandika kwa urefu.

Nimetengeneza ukurasa mdogo wa majaribio nikampa mwalimu wa klabu. Una mistari kumi na miwili, na kila mstari una amri yenye kiteuzi chake. Amri ikitiiwa mstari huwa wa kijani, na ikirukwa hubaki mweusi. Kila mwanafunzi akirudi likizo aufungue katika simu zote za nyumbani kwao, hasa ile ya nyanya au ya shangazi yenye kioo kilichopasuka, aandike jina la simu na idadi ya mistari ya kijani, kisha amletee mwalimu. Ukurasa wa shule utatengenezwa upya muhula ujao, nasi tungependa kuzijua simu zitakazoufungua.