Kirusi cha Utumbo Kinachojionyesha Viganjani

Baba mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Homa ilikuwa ya siku mbili, uji ulikuwa unakataliwa tangu jana yake, na udenda ulikuwa umelowesha fulana yote kifuani. Nilipommulika mdomoni niliona vidonda vidogo vyenye ukingo mwekundu, kwenye ulimi na kwenye kaakaa. Nikageuza viganja. Kulikuwa na malengelenge ya kijivu, membamba kama punje za mchele. Nyayoni ni vivyo hivyo, na makalio yamejaa vipele. Nikamtajia jina la ugonjwa: mikono, miguu na mdomo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Daktari, huu si ule wa ng'ombe? Maana nyumbani ninao wawili."

Nilimtoa hofu: ng'ombe wake hawakuwa na hatia. Ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo una kirusi chake, na huyu mtoto alikuwa na kingine. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu virusi hivyo viwili ni jamaa. Vyote ni vya ukoo wa pikonavirusi, ukoo wenye virusi vidogo sana. Kinachovitenganisha ni tumbo. Kirusi cha ng'ombe hakiwezi tindikali, na hata ikiwa hafifu ganda lake husambaratika. Cha mtoto hupita katikati ya tindikali ya tumbo kikatokea upande wa pili kikiwa kizima, kwa kuwa makazi yake yako huko mbele, utumboni. Ndiyo maana kundi lake likaitwa enterovirusi, jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki la utumbo. Kirusi cha polio nacho ni cha kundi hilihili.

Historia nayo inaelekeza hukohuko. Mwaka 1948, Gilbert Dalldorf na Grace Sickles walitangaza kirusi kipya walichokipata kwenye kinyesi cha watoto waliodhaniwa kuwa na polio, katika mji mdogo wa Coxsackie, jimbo la New York. Mji ukakipa kirusi jina. Leo aina ya Coxsackie A16 ni miongoni mwa visababishi vikuu vya ugonjwa huu. Kingine, Enterovirusi A71, kilipatikana California mwaka 1969, nacho kwenye kinyesi cha mtoto mchanga mwenye maambukizi ya ubongo. Sisi tunatazama viganja, na wao walikuta jibu kwenye nepi.

Chenyewe kikoje? Ni mpira wa protini wenye upana wa nanomita 30 hivi. Ukivipanga kwa mstari, utahitaji zaidi ya 30,000 kufikisha milimita moja. Ganda limejengwa kwa protini za aina nne, kila moja ikirudiwa mara 60, na ndani yake mna uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 7,400. Hakina koti la mafuta. Hilo tulishike, tutalirudia.

Kikiingia mdomoni, kwa mate ya mtoto mwingine, mkono mchafu au mdoli uliolambwa na watoto watatu, hukita kooni, kwenye mafindofindo, na baadaye ukutani mwa utumbo. A71 na A16 hushika protini iitwayo SCARB2, ambayo mwili unayo kwa kazi zake nyingine kabisa. Seli humeza kirusi ikikiweka ndani ya kifuko. Kifuko kinapozidi kuwa na tindikali, ganda hulegea, tundu hufunguka, na uzi wa RNA huponyoka kuingia ndani ya seli.

Hapo ndipo panaponishangaza kila nikifundisha. Uzi ule hausubiri kunakiliwa kwanza. Viwanda vya protini vya seli huusoma papo hapo kana kwamba ni agizo la mwenye nyumba. Kinachotoka ni protini moja ndefu, ambayo ina mikasi yake yenyewe ndani yake, na mikasi hiyo huikata vipandevipande. Mkasi mmoja kati ya hiyo hauishii hapo. Hukata pia protini ya mwenyeji ambayo bila hiyo maagizo mengi ya seli hayasomeki. Agizo la kirusi lina mlango wake wa nyuma, halihitaji protini hiyo nzima. Kwa hiyo baada ya saa chache kiwanda kinafanya kazi ya mgeni peke yake, hadi seli inapofia kazini na kumwaga virusi vipya nje.

Kutoka utumboni virusi hufika kwenye mitoki, kisha kwenye damu, na damu huvisambaza hadi ngozini na mdomoni. Seli za tabaka la juu la ngozi hufa, maji hujaa palipoachwa wazi, na hilo ndilo lengelenge. Tangu kuambukizwa hadi homa huwa ni siku tatu hadi sita. Vipele huja siku moja au mbili baadaye, wakati mtoto tayari ameshawapa wenzake. Baada ya wiki moja au siku kumi ngozi inakuwa safi, lakini kinyesi huendelea kubeba virusi kwa wiki kadhaa.

Ndiyo maana barua za chekechea zinazodai "cheti kwamba vipele vimeisha" hunichosha. Zinachunguza kiungo kisicho sahihi. Mtoto aliyepona homa, anayecheza na asiyetoa udenda wala maji ya malengelenge, anaweza kurudi darasani. Cha kuulizia ni meza ya kubadilishia nepi. Na hapa koti la mafuta linarudi. Vitakasa mikono vya kileo, tulivyovizoea wakati wa UVIKO, huua vizuri virusi vyenye koti hilo. Kwa hiki nguvu yake ni ndogo. Sabuni na maji yanayotiririka hukiondoa mkononi, na kwa meza na midoli tumia dawa ya klorini.

Kwa watoto walio wengi dawa ni maji, parasetamoli kwa kipimo cha daktari na uji uliopoa. Antibaiotiki hazina kazi. Aspirini asipewe. Aina ya Coxsackie A6 huwa na kituko chake: wiki kadhaa baadaye kucha hung'oka, bila maumivu, na wazazi hupiga simu wakiwa wamepaniki. Huota tena.

A71 ndiyo ya kuogopwa. Taiwan mwaka 1998 iliua watoto 78. Mwaka mmoja kabla, Sarawak nchini Malaysia, watoto walikuwa wakifa ghafla na awali ikadhaniwa ni moyo. Chanzo kilikuwa shina la ubongo, panaposimamiwa pumzi na shinikizo la damu. Kirusi kikiharibu hapo, neva hutoa amri za fujo, mishipa hubana, na mapafu hujaa maji ingawa si yaliyoshambuliwa. Dalili za kukimbilia hospitali ni kushtukashtuka usingizini, kutapika mfululizo, kuyumba, kupumua kwa kasi, au homa inayopita siku tatu. China iliidhinisha chanjo ya A71 mwishoni mwa 2015. Haizuii A16, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa bado anaweza kutoka malengelenge, na kwa sababu hiyohiyo aliyeugua mara moja anaweza kuugua tena kwa aina nyingine.

Yule baba nilimwandikia parasetamoli, nikamwonyesha jinsi ya kumnywesha mtoto maji kwa kijiko. Kisha nikamuuliza nani anafua nepi nyumbani.

"Dada wa kazi."

"Na uji anapika nani?"

Akanitazama kidogo, akatoa simu mfukoni.