Nkosi Mputa Gama: Taji, Damu na Kitanzi

Watoto wa Ulaya hufundishwa habari za Charlemagne, aliyevikwa taji la ukaizari mjini Roma mwaka 800. Huambiwa ya kwamba aliunganisha mataifa na kueneza elimu na dini. Si mara nyingi huambiwa kwamba mwaka 782, kwa mujibu wa maandishi ya zama zake, aliamuru Wasaksoni 4,500 wauawe kwa siku moja pale Verden. Taji husimuliwa, damu hufukiwa.

Sisi nasi tunao wafalme wetu, na hatupendi kuwasimulia hivyo. Katika nchi ya Ruvuma, Wangoni, warithi wa safari ya Zwangendaba aliyevuka mto Zambezi mwaka 1835, walisimamisha tawala mbili: Njelu ya ukoo wa Gama, na Mshope ya ukoo wa Tawete. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Nkosi wa Njelu alikuwa Mputa Gama.

Na tuseme kweli. Ufalme aliourithi ulijengwa kwa mkuki. Majeshi yake yaliwashambulia Wamatengo na wakazi wa kando ya Ziwa Nyasa, yakatwaa mifugo, chakula na watu. Wamatengo wakakimbilia milimani, na huko kwenye miteremko mikali wakastawisha kilimo cha ngoro: nyasi hulazwa kwa mistari inayopishana, udongo ukachimbwa katikati na kuzifunika, yakabaki mashimo yanayozuia mvua isiuchukue udongo. Ndiyo maana milima ya Mbinga ililimika na kulisha watu. Mfalme hakuwapa Wamatengo jembe hilo; walijipa wenyewe kwa sababu ya kumkimbia.

Kisha akaja mvamizi mkubwa zaidi. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma Songea na kuwashika wakuu wa Kingoni kwa hila. Ikafuata kodi, na mwaka 1905 kila mwanamume akadaiwa rupia 3. Nkosi akawa mtu wa kupokea amri katika nchi ya babu zake. Mjumbe wa maji alipofika, Mputa aliyapokea, na Chabruma wa Mshope vivyo hivyo. Maji hayakuzuia risasi. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa alinyongwa Songea pamoja na makumi ya wenzake. Siku chache baadaye akafuata nduna wake, Songea Mbano. Mashamba yalichomwa, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano. Ni haki yetu kudai hayo. Lakini anayemdai jirani ukweli hana budi kuwa nao nyumbani mwake.

Kwa hiyo, ndugu, hatumheshimu Mputa kwa sababu alitawala. Tunamheshimu kwa sababu alikataa kutawaliwa, akalipa kwa shingo yake. Wala hatusemi ya kwamba mateso ya Mmatengo yalifutwa na kitanzi cha Nkosi. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu, na mjukuu wa mfalme akawa raia sawasawa na mjukuu wa mateka. Kila Februari tunapoinamisha vichwa mbele ya kaburi la mashujaa, na tuikumbuke pia milima ile yenye ngoro. Yote mawili ni mirathi yetu. Anayechukua moja tu amejipunja mwenyewe.