HELL'S GATE: Raha ya baiskeli, balaa la mvua ya jirani!

SISI wa Machochwe, kule Serengeti, baiskeli tunaijua kama punda. Inabeba gunia la mahindi, madumu ya maji, mgonjwa wa zahanati, na bibi harusi ikibidi. Mtu akikwambia anaiendesha kwa starehe, tena kwenye korongo la vumbi na jua la utosi, unamwangalia mara mbili.

Ndivyo nilivyomfikiria binamu yangu anayeishi Naivasha, Kenya, aliponipigia simu Agosti 2018. "Kaka, njoo uendeshe baiskeli katikati ya pundamilia!" Nikacheka. Kwetu tembo akiingia shambani usiku, hakuna anayeomba kupiga naye picha. Lakini si unajua tena kitu cha kualikwa? Nikavuka Sirari, nikakata Migori, Kisii na Narok. Nafika Naivasha kiuno chote kinalia.

Hifadhi yenyewe inaitwa Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu. Ilianzishwa mwaka 1984 na ina kilomita za mraba 68 tu. Sifa yake ni kwamba mgeni anaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, wakati Serengeti tumezoea kuona watalii wakichungulia simba kutoka ndani ya gari.

Baiskeli tulikodi nje ya geti, na hapo ndipo nilipolizwa. Mimi mtoto wa mjini nikachagua yenye rangi ya kung'aa na gia kibao. Mteremko wa kwanza tu, nabana breki ya nyuma: kimya! Nikajiokoa kwa soli za raba, binamu akicheka hadi machozi. Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujatoa hela bana breki zote mbili, bonyeza matairi, zungusha mnyororo. Usione haya. Haya ya dakika tano ni nafuu kuliko magoti yaliyochubuka.

Baada ya kubadilisha baiskeli, mambo yakawa bomba. Kuta za mwamba huku na huku, twiga wanakula taratibu, nyati kwa mbali (hao usiwazoee!). Tukapita Fischer's Tower, mwamba uliosimama wima kama mita 25, mabaki ya volkano. Mbele zaidi ni Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme kwa joto la ardhini tangu mwaka 1981.

Tukaacha baiskeli, tukashuka kwa miguu kwenye korongo la Ol Njorowa. Jamani, si mchezo! Kuna mahali kuta zinabanana mpaka unanyoosha mikono na kugusa pande zote mbili. Maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye mwamba, chini ni mchanga mkavu.

Nikamuuliza kiongozi wetu, "Mzee, hili korongo kavu kalichonga nani?"

"Maji."

"Yako wapi?"

Akanyoosha kidole, siyo juu yetu kulikokuwa na jua, bali kule milimani. "Hapa ukiona jua usifurahi, kijana. Uliza kule kunasemaje." Kisha akatuonyesha matawi yaliyokwama kwenye ufa, juu kabisa ya vichwa vyetu. Hayakupandishwa na nyani. Utani wote ukaniisha.

Mwaka uliofuata, Septemba 1, 2019, mafuriko ya ghafla yalikumba kundi la watalii kwenye korongo lile lile. Watu saba walikufa. Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2012 maji yaliwaua vijana wa kanisa waliokwenda kutembea. Baada ya tukio la 2019 wenye hifadhi walilifunga korongo.

Na siyo Kenya tu. Agosti 12, 1997, huko Antelope Canyon, Arizona, Marekani, watalii 11 walikufa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha kilomita kadhaa kutoka pale walipokuwa.

Siri ni hii: ardhi kavu na miamba hainywi maji haraka. Mvua yote ya milimani inakimbilia mfereji mmoja, na mfereji ukiwa mwembamba maji yanapanda kwa dakika chache tu. Ukuta ni laini, pa kushika hakuna, na mbio zako haziyafikii maji.

Kwa hiyo mshikaji, kabla ya kwenda ulizia kama korongo liko wazi siku hiyo. Usishuke bila kiongozi wa mahali pale. Mawingu yakitanda milimani, ahirisha. Ukiwa ndani ukaona maji yamegeuka tope au ukasikia mngurumo, acha begi, acha simu, panda juu kwanza. Picha utapiga siku nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba nilipaswa kulijua hilo tangu utoto. Kwetu mto ukichafuka wakati jua linawaka, mama anaita watoto wote watoke majini. Haulizi mara mbili. Anajua kumenyesha kwa jirani.

Baiskeli nitapanda tena. Ila safari hii, kabla ya breki, nitakagua milima.