Bonasi ya Mwaka: Zawadi ya Tajiri au Jasho la Mfanyakazi?

Kila Desemba inapokaribia, mazungumzo ya karakana, ya bandarini na ya maofisini hubadilika. Watu huacha habari za mpira wakaanza kuulizana: "Mwaka huu watatoa?" Hebu tulitazame neno hilo, "watatoa". Mfanyakazi hasemi "tutapata chetu". Husema kama mtu anayengoja sadaka mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Na wakuu wa kazi hujibu kwa lugha hiyo hiyo, kwamba uongozi "umewakumbuka" watu wake. Mwaka ambao uongozi haukuwakumbuka, husikika manung'uniko ya siku tatu, kisha mambo yakaendelea kama kawaida.

Kwa kada anayefanya kazi katikati ya wafanyakazi, manung'uniko hayo si jambo dogo. Humo mna swali la msingi la uchumi wa siasa ambalo halina budi kujibiwa kwa ukamilifu: fedha hii inatoka wapi, na ni ya nani? Asiyejua jibu atadai mahali pasipodaika, atanyamaza mahali pa kudai, na fedha ikija ataitumia kama mtu aliyeokota.

Tuanze na mshahara. Chini ya ubepari mshahara si malipo ya kazi yote iliyofanywa. Ni bei ya nguvukazi, yaani kiasi cha kumwezesha mfanyakazi kula, kulala, kuvaa, kulea watoto na kurudi kazini kesho yake. Lakini thamani anayoizalisha kwa siku nzima ni kubwa kuliko bei hiyo. Tofauti yake ndiyo ziada, na katika ziada hiyo hutoka faida ya mwenye mali, riba ya benki na kodi ya pango. Kwa hiyo tajiri anapochota sehemu ndogo ya ziada mwisho wa mwaka na kuwarudishia waliomzalishia, hajatoa kitu mfukoni mwa baba yake. Amerudisha kipande. Tusisahau pia kwamba anaporudisha huwa na sababu zake: fundi hodari asiondoke, watu wasigome, na kila mtu ajibidishe akiitazamia Desemba.

Historia ya India inalionyesha jambo hili vizuri kuliko nchi nyingi tunazozijua. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza viwanda vya pamba vya Bombay vilipata faida kubwa mno, huku bei za vyakula zikipanda. Mwaka 1917 wenye viwanda walianza kulipa nyongeza ya asilimia 10 waliyoiita bonasi ya vita. Baada ya vita ikawa desturi kulipa bonasi ya mwaka. Mwaka 1923 biashara ilipolegea, wakakataa kulipa. Wafanyakazi zaidi ya 150,000 waligoma mwanzoni mwa 1924. Serikali ya kikoloni iliunda kamati chini ya Jaji Mkuu wa Bombay, nayo ikaamua kwamba wafanyakazi hawakuwa na dai lolote linaloweza kutekelezwa, si kwa desturi, si kwa sheria, si kwa haki. Kwa maneno mengine, ni zawadi, na mtoa zawadi haulizwi.

Wafanyakazi wa India hawakulikubali neno hilo. Walisema kwamba maadamu mshahara wao haujafikia kiwango cha kumwezesha binadamu kuishi, pengo hilo lazima lizibwe na faida kabla mwenye hisa hajagawiwa. Mabishano yalichukua miaka. Mwaka 1950 mahakama ya rufani ya kazi iliweka kanuni ya kukokotoa: kutoka katika faida itolewe kwanza gharama ya uchakavu wa mitambo, kodi ya mapato na gawio la wastani kwa mtaji, na katika kinachobaki wafanyakazi wana fungu lao. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya bonasi. Kima cha chini kiliwekwa asilimia 4 ya mshahara wa mwaka na kima cha juu asilimia 20. Baadaye kima cha chini kikapandishwa hadi asilimia 8.33, ambayo ukiipigia hesabu ni mshahara wa mwezi mmoja. Ziada ya mwaka mnono iliweza kupelekwa mbele kusaidia mwaka wa njaa. Umbali kutoka "mtoa zawadi haulizwi" hadi kima cha chini cha kisheria ulikuwa miaka 41, na haukufupishwa na huruma ya mtu yeyote.

Hapa nchini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki, bima na viwanda vikubwa viliingia mikononi mwa umma. Mwaka huo huo Serikali iliweka siasa ya mapato iliyotaka nyongeza za mishahara zisizidi asilimia 5 kwa mwaka, ili mapato ya mfanyakazi wa mjini yasimwache mkulima mbali mno. Ikaundwa Mahakama ya Kudumu ya Kazi, ambayo mikataba ya hiari kati ya wafanyakazi na waajiri ilipaswa kupitishwa nayo. Ndipo likazuka swali ambalo hata leo halijaisha: kiwanda kikiwa mali ya umma, bonasi ni nini tena?

Wako waliosema kwamba bonasi katika shirika la umma ni mabaki ya ubepari na ifutwe. Wako waliosema kwamba faida ni ya wafanyakazi wa kiwanda hicho na igawanywe yote. Makundi yote mawili yalikosea. Tayari mwaka 1875, alipokuwa akiuhakiki mpango wa chama cha wafanyakazi wa Ujerumani, Marx alieleza kwamba hata katika jamii isiyo na mabepari pato la kazi haliwezi kugawanywa lote. Lazima kwanza yatolewe mafungu ya kufidia nyenzo zilizochakaa, kupanua uzalishaji, akiba ya majanga, shule, hospitali, na kuwatunza wasioweza kufanya kazi. Kiwanda kinachokula mafungu hayo kwa jina la bonasi kinakula mbegu.

Tena, faida si kipimo cha juhudi. Tangu mwaka 1973 bei za bidhaa nyingi zilikuwa zikipangwa na Tume ya Bei. Kiwanda cha bia chenye soko lake peke yake kingeweza kupata faida hata kama watu wake wanasinzia, na kiwanda cha nguo kikapata hasara kwa kukosa vipuri, ingawa mafundi wake wanakesha. Muuguzi wa hospitali ya wilaya naye ampelekee nani hesabu ya faida? Ndiyo maana nchi zilizojaribu kutumia bonasi kama chombo cha ujamaa hazikupata usingizi. Urusi, katika mageuzi ya mwaka 1965, iliviruhusu viwanda vitenge mfuko wa vivutio kutokana na faida. China ilizirejesha bonasi mwaka 1978 baada ya kuzipiga vita wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Muda si mrefu viwanda vingi vikawa vinagawa sawa kwa sawa kwa mhimili na mtegaji, na kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1984 serikali ilianza kuvitoza kodi viwanda vinavyozidisha.

Mkulima pia ana bonasi yake. Kwa wenzetu wakulima wadogo wa chai wa Kenya, malipo ya pili ya mwaka huitwa hivyo hivyo, "bonasi". Mkulima hulipwa kiasi kwa kilo ya majani kila mwezi, na chai ikishauzwa na gharama za kiwanda kutolewa, hulipwa kinachobaki. Hapo hakuna zawadi hata senti. Ni bei ya majani yake mwenyewe iliyocheleweshwa. Lakini neno "bonasi" limemzoeza kushangilia linapokuwa nono, na kudhani ni bahati mbaya linapokuwa jembamba, badala ya kuuliza kiwanda kimetumia kiasi gani kwa kuni, usafirishaji na wakurugenzi.

Turudi kwa mfanyakazi wetu wa leo, ambaye yumkini yuko katika kampuni ya binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri kulipa bonasi. Bonasi huwa haki pale tu ilipoandikwa: katika mkataba wa ajira, au katika mkataba wa pamoja uliosainiwa na chama cha wafanyakazi, ambao kisheria unawafunga wote wawili. Kwa hiyo anayengoja Desemba ndipo adai amechelewa miezi mingi. Mahali pa kudai ni meza ya majadiliano, na kinachodaiwa kwanza ni kanuni, kabla ya kiasi: faida ipi inahesabiwa, fungu gani linatengwa, nani anastahili, na aliyeanza kazi katikati ya mwaka anapata nini.

Kuna mtego hapa ambao viongozi wengi wa matawi huuingia wakitabasamu. Mwajiri anasema: badala ya kuwaongezea Sh. 50,000 kwa mwezi, nitawapa bonasi ya Sh. 600,000 mwisho wa mwaka. Hesabu ni ile ile, na fedha ya mkupuo hutamanisha. Lakini siyo ile ile. Malipo ya saa za ziada hukokotolewa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi hukokotolewa kwa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Nyongeza ya mshahara huingia katika hesabu hizo zote na mwakani ipo palepale. Bonasi hailigusi hata moja, na mwakani uongozi unaweza kusema hali ni ngumu.

Sasa matumizi. Tuanze na kodi, maana wengi huipangia bonasi kabla haijakatwa. Bonasi ni sehemu ya mapato ya ajira na hutozwa kodi kama mshahara. Tuchukue mfanyakazi wa Sh. 500,000 kwa mwezi anayepewa bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, tukiacha makato mengine. Kwa kawaida hukatwa Sh. 18,400. Bonasi ikijumlishwa katika mshahara wa Desemba, jedwali la mwezi humhesabu kama mtu wa Sh. 1,000,000, na kodi inakuwa Sh. 128,000. Kwa hiyo katika bonasi ya Sh. 500,000 kinachofika mkononi ni Sh. 390,400. Aliyekwisha kuahidi laki tano, kwa mjomba, kwa fundi seremala na kwa duka la mtaani, anaingia Januari na deni la Sh. 109,600 ambalo hakulikopa.

Sisi tunaona matumizi ya kwanza ni kuua deni la riba, hasa mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Aliyekopa Sh. 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akawa analipa riba tupu, baada ya miezi sita ametoa Sh. 240,000 na bado anadaiwa Sh. 200,000 zile zile. Huo ni unyonyaji wa pili, unaofanywa mtaani baada ya ule wa kiwandani. Hakuna biashara ya kuku wala shamba la matikiti litakalomlipa haraka kama kulifuta deni hilo. Baada ya deni ndipo tuizungumze Januari. Ni kweli ada katika shule za Serikali za sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa. Kinachobaki, hata kiwe kidogo, kiwekwe katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, ambacho mwanachama anaweza kusoma hesabu zake na kuuliza.

Na bonasi isipangwe na mtu mmoja baa. Nguvukazi iliyouzwa kiwandani mwaka mzima ilitengenezwa nyumbani: kuna aliyeamka saa kumi ya usiku kuwasha moto ili mtu wa zamu awahi, akafua nguo zake za kazi, akamuuguza. Huyo hayumo katika orodha ya malipo, wala hakuna mhasibu anayemjua. Mfanyakazi anayepiga kelele kwamba tajiri amemdhulumu fungu lake la ziada, kisha akaificha bahasha asijue mkewe, anafanya nyumbani kwake kile kile anacholalamikia kazini.

Limebaki suala moja ambalo matawi mengi hulikwepa. Katika ghala moja utawakuta watu wawili wakibeba gunia moja, huyu huku na yule kule. Mmoja ameajiriwa na kampuni; wa pili ameletwa na wakala wa ajira, au ni kibarua wa siku. Desemba ikifika wa kwanza anaitwa kwa mhasibu, wa pili anaambiwa bonasi haimhusu. Ziada iliyogawanywa wameizalisha wote wawili. Mkataba wa pamoja unaojadiliwa mwaka huu unaweza kuwataja vibarua, au unaweza kunyamaza juu yao kama mwaka jana. Wanaoketi mezani ndio watakaoamua, na wengi wao ni watu wa bahasha ya kwanza.